Kurkumini imeandikwa usafi 95%, mbona kwenye TLC yanatoka madoa matatu?

Kijana_wa_Kimara

Wakuu salaam, na shikamoo kwa waliotangulia.

Nasoma shahada ya uzamili hapa Dar, upande wa kemia ya mimea dawa. Kazi yangu ni kupima kurkumini, ile rangi ya kwenye manjano, dhidi ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Sikuitoa mwenyewe kwenye mmea. Nilinunua iliyokwisha kutengenezwa, kichupa cha kahawia kilichotoka nje kupitia wakala mmoja wa mjini. Lebo inasema imetokana na Curcuma longa, yaani mmea wa manjano, usafi asilimia 95, kwa matumizi ya utafiti tu. Imemeza sehemu kubwa ya pesa ya vifaa niliyopewa.

Kabla ya kuendelea nikaona niiweke kwenye TLC (kipimo cha kutenganisha vilivyochanganyika kwa kuvipandisha na kimiminika kwenye sahani ya silika) nijiridhishe. Silika, klorofomu na methanoli 95 kwa 5. Nilitegemea doa moja. Yametoka matatu, yote ya njano, wala hayahitaji taa ya UV kuyaona: la juu kubwa limekolea, la kati la wastani, la chini hafifu. Nimerudia kwa sahani mpya na kimiminika kipya, ni yale yale.

Halafu MIC yangu, yaani kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kuota, haitulii. Natumia resazurini, rangi ya bluu inayogeuka waridi bakteria wakiwa hai, kwenye sahani ya visima 96. Mara napata 125 mikrogramu kwa mililita, mara 250, na kuna siku kisima cha 500 kina ukungu kabisa kama bakteria wameota humo. Visima vyenye dawa nyingi vinageuka kijani, si bluu wala si waridi, sijui nivisome vipi.

Je, nimeuziwa feki? Na nikienda Kariakoo nikanunua manjano nikajitolea kurkumini mwenyewe, haitakuwa safi kuliko hii? Msimamizi wangu yuko safarini, ananijibu kwa mkato kwamba niendelee. Nashindwa kuendelea na kitu nisichokijua. Naomba kuwasilisha.

Mdau_wa_Sinza

Pole mkuu. Hiyo ni feki mchana kweupe. Safi ni doa moja, matatu maana yake umechanganyiwa. Mrudie wakala adai kwa aliyemuuzia, na ukimbie nayo mapema kabla hajasema umeifungua.

Dada_Upanga

Mdogo wangu wa Kimara, marahaba. Usikimbilie kwa wakala kwanza. Kaka wa Sinza amesema kwa nia njema, ila kwa kurkumini ya mmea madoa matatu ndiyo hali ya kawaida, na kwa namna ulivyoyaeleza (la juu kubwa, la chini hafifu) naweza kukwambia kila doa ni nini bila kuiona sahani yako.

Manjano halina kurkumini peke yake. Lina ndugu watatu wanaofanana sana, kwa jumla tunawaita kurkuminoidi. La juu ni kurkumini yenyewe. La kati ni demethoksikurkumini, ambayo imepungukiwa kundi moja la methoksi. La chini ni bisidemethoksikurkumini, haina hata moja. Kadiri makundi hayo yanavyopungua ndivyo molekuli inavyong'ang'ania silika, ndiyo maana inabaki chini. Bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina la kurkumini ya mmea zina takriban asilimia 77 ya kurkumini, 17 ya huyo wa pili na 3 hivi ya huyo wa tatu. Zinatofautiana bechi kwa bechi.

Sasa toa cheti cha uchambuzi kilichokuja na kichupa. Kama hakikuja, mwandikie muuzaji kwa namba ya bechi, ni haki yako kukipata. Usiangalie ile 95 kwanza, angalia imepimwaje. Ikiwa wamepima kwa spektrofotometa kwenye nanomita 425 au karibu na hapo, 95 hiyo ni jumla ya ndugu wote watatu, kwa sababu wote wanafyonza mwanga eneo hilohilo na kifaa hakiwezi kuwatenganisha. Ikiwa ni HPLC (mashine inayotenganisha misombo na kuchora kilele kwa kila mmoja), angalia kilele kipi kimehesabiwa: cha kurkumini peke yake, au vyote vitatu vimejumlishwa? Muuzaji anaweza kuandika 95 kwenye lebo bila kusema uongo wowote, na wewe ukabaki na kurkumini chini ya asilimia 80 mkononi.

Hili linaniuma, na nalisema kila ninapopata nafasi, kwa sababu nimesoma kazi nyingi za wanafunzi wetu ambazo zimeandika "kurkumini" kuanzia jalada mpaka hitimisho na hakuna ukurasa unaosema ndani ya kichupa mlikuwa na nini. Mtu ametumia macho yake na usingizi wake, na namba aliyoitoa haina mwenyewe. Chukua mfano wa hesabu. Kurkumini ina uzito wa molekuli 368.4. Ukitaka akiba ya milimola 10 unapima miligramu 3.68 unayeyusha kwenye mililita 1 ya DMSO, kile kimumunyisho cha maabara. Kama kurkumini halisi ni asilimia 77, akiba yako ni milimola 7.7, na kila utakachokipunguza kutoka hapo kimeanza na kosa. Mwenzako wa Nairobi akinunua bechi nyingine akarudia kazi yako, hamtakutana.

Kwa hiyo una njia mbili au tatu. Ya kwanza, kubali kwamba unapima mchanganyiko, uandike "kurkuminoidi za manjano", uweke uwiano wa hao watatu kwa HPLC, namba ya bechi na picha ya TLC. Hiyo ni kazi halali kabisa. Ya pili, nunua kurkumini iliyotengenezwa maabara. Kwa mbinu iliyochapishwa na Pabon mwaka 1964 inaundwa kutokana na vanilini, na haiji na hao ndugu wawili, kwa sababu hapakuwa na mmea wa kuwaleta. Ya tatu, watenganishe mwenyewe kwenye safu ya silika, yaani mrija wa kioo uliojazwa silika. Nitarudi kwenye hiyo.

Sasa MIC, ambayo inanitia wasiwasi kuliko madoa.

Visima vyako ni kijani kwa sababu resazurini ni bluu na dawa yako ni njano. Vikigeuka waridi pamoja na njano utaona rangi ya machungwa. Jicho lako halitasoma vizuri hata ukae dirishani, na kifaa nacho kina shida, maana kurkumini inang'aa yenyewe ikipigwa mwanga. Ule ukungu wa kisima cha 500 nao sidhani kama ni bakteria. Kurkumini haipendi maji kabisa. Mikrogramu 250 kwa mililita ni karibu mikromola 680, kiasi ambacho brothi (mchuzi wa kuoteshea bakteria) haiwezi kukibeba kikiwa kimeyeyuka. Inatoka kwenye DMSO, inakutana na maji, inaganda vumbi dogodogo, kisima kinachafuka. Inua sahani juu ya taa utazame kwa chini: bakteria wakitulia wanafanya kitufe cheupe katikati, vumbi la kurkumini ni la njano iliyokolea na limetapakaa.

Halafu kuna suala la kuoza. Kila mama wa Dar anajua doa la mchuzi wa manjano kwenye kanzu nyeupe: likigusa sabuni linageuka jekundu, ukianika juani linafifia. Ndivyo molekuli hii inavyofanya mbele ya alkali na mwanga. Wang na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba kwenye bafa ya fosfeti ya pH 7.2, nyuzi 37, karibu asilimia 90 inaharibika ndani ya dakika 30. Kwenye kimiminika cha seli chenye asilimia 10 ya seramu inadumu zaidi, nusu bado ipo baada ya saa 8. Brothi yako ya bakteria ina pH ya 7.3 hivi, haina seramu, na unaiacha usiku kucha. Kinachoua bakteria asubuhi ni kurkumini au ni mabaki yake? Lazima uliulize hilo kwenye tasnifu kabla hujaulizwa na mtahini.

Fanya hivi. Weka safu nzima ya visima vyenye brothi na kurkumini bila bakteria, kila kiwango. Weka ya DMSO peke yake, isizidi asilimia 1. Kisha usitegemee rangi: chota mikrolita 10 kutoka kila kisima, dondoshea kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) isiyo na dawa, iache ilale, asubuhi uhesabu makoloni na uyalinganishe na idadi uliyoanza nayo, maana bakteria waliozuiwa bila kufa nao wataota. Koloni halidanganywi na rangi ya njano.

Mwinyi_wa_Viungo

Assalaam aleikum. Mimi si mtu wa maabara, nauza viungo Kariakoo tangu kabla soko halijaungua ile Julai 2021, ila manjano nayajua. Mwanangu wa Kimara, ukija kununua kwa kazi hiyo usichukue ya unga. Ya unga hujui imesagwa na nini. Chukua kavu nzima, vile vidole. Kivunje mbele ya muuzaji: kiwe kigumu kama kijiti, kikatike kwa mlio, na ndani kiwe na rangi ya machungwa iliyokolea mpaka katikati. Kikipinda hakijakauka. Kikiwa kimepauka katikati kilivunwa kichanga.

Na uulize kimetoka wapi. Ya Unguja na ya Muheza zote zinaingia hapa na zinachanganywa kwenye gunia moja, asiyejua atakwambia lolote tu. Jua pia kwamba manjano huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, kwa hiyo unachonunua kimeshapita motoni.

Dada_Upanga

Ahsante sana Mwinyi, umesema la maana kuliko vitabu vingine. Na hilo la unga lina uzito wake. Utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu Bangladesh uligundua manjano yaliyotiwa kromati ya risasi ili yang'ae. Siwasemi wafanyabiashara wetu, nasema ukiwa na kidole kizima mkononi angalau unakiona.

Kwa Kijana: kujitolea mwenyewe kunawezekana, ila usidhani utapata kitu kisafi kuliko cha dukani. Manjano kavu yana kurkuminoidi asilimia 2 hadi 5 tu. Kilichobaki ni wanga, nyuzi na mafuta. Ukisaga ukaloweka kwenye ethanoli au asetoni utapata kitu kizito kama lami ya machungwa chenye harufu kali. Ukikisuuza kwa heksani mafuta yanaondoka, na ukibahatika kinaganda unga. Ukikiweka kwenye TLC utaona madoa matatu yaleyale unayoyalalamikia leo, kwa sababu mmea ni uleule. Vogel na Pelletier walipoitoa rangi hii mara ya kwanza mwaka 1815 walipata kitu cha namna hiyo, na umbo la molekuli halikujulikana mpaka 1910.

Ila kama unataka kwenda njia hiyo kwa heshima, anza na mmea. Tafuta shamba, siyo gunia. Chukua mmea wenye majani na tunguu lake, ukaushe kwa kubana, upeleke hifadhi ya mimea ya idara ya botania pale Chuo Kikuu, Mlimani, wautambue na wakupe namba ya sampuli. Bila namba hiyo huwezi kusema ulifanyia kazi Curcuma longa, unaweza kusema tu ulinunua kitu cha njano.

Mama_Nuru

Samahanini wanangu, nimepita tu nikaona mnazungumzia manjano. Mimi magoti yananisumbua, na mwanangu anafanya kazi ya usafi kwenye maabara moja hapa mjini, ameniambia kuna hiyo dawa ya manjano safi kuliko ya kupikia. Je, mtu akipata kidogo akachanganya na asali si itasaidia haraka zaidi kuliko ya jikoni?

Dada_Upanga

Shikamoo mama. Hapana, tafadhali sana, usiinywe ya maabara hata kidogo. Yale maneno "kwa utafiti tu" yana maana yake. Hakuna aliyeipima kwa ajili ya tumbo la mtu: mabaki ya vimumunyisho, metali, vijidudu, hayo yote si lazima yaangaliwe kwa bidhaa ya benchi. Nimeshika vichupa hivi miaka mingi na hakuna ambacho ningempa mzazi wangu.

Na hata vile vidonge vya kurkumini vinavyouzwa kama virutubisho, mama, usivianze bila kumwambia daktari, hasa kama unatumia dawa za presha, sukari au za kuzuia damu kuganda. Nchini Italia mwaka 2019 wizara yao ya afya ilitoa tahadhari baada ya watu kuugua ini wakiwa wanatumia vidonge vya manjano. Vingi vinatiwa piperini ya pilipili manga ili mwili ufyonze zaidi, na piperini hiyohiyo inaweza kupandisha kiwango cha dawa nyingine mwilini. Manjano ya kwenye mchuzi endelea nayo kama ulivyozoea. Kwa magoti, nenda kliniki wakuangalie uzito wa tatizo, na umwambie mwanao asichukue kitu chochote mle ndani kuleta nyumbani.

Mama_Nuru

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Nitamwambia leo leo.

Kijana_wa_Kimara

Dada, shikamoo tena. Nimepata cheti, muuzaji amekileta kwa barua pepe. Ni kama ulivyosema: njia ya upimaji ni spektrofotometa, na chini kwa herufi ndogo kumeandikwa "jumla ya kurkuminoidi". Mdau wa Sinza, ahsante kwa kunisemea, ila nimeona wakala hana kosa.

Nimefanya pia visima visivyo na bakteria. Cha 500 na cha 250 vimechafuka vyenyewe, bila bakteria hata mmoja. Kwa chini nimeona vumbi la njano limetapakaa. Na nilipodondosha kwenye agari, visima vya 125 nilivyokuwa navihesabu kuwa vimezuia vimeotesha makoloni tele. Ina maana ile 125 yangu haiaminiki.

Sasa nimevunjika moyo kidogo. Nimesoma mahali kwamba kuna wanasayansi wanaosema kurkumini haifai kabisa kutafitiwa. Niache? Nibadilishe mada?

Dada_Upanga

Marahaba mdogo wangu. Usiache. Umefanya kazi nzuri kuliko unavyodhani.

Hao unaowasema nadhani ni Kathryn Nelson na wenzake, makala yao ya 2017 kwenye Journal of Medicinal Chemistry. Isome yote, usiishie kwa waliosimulia. Hoja yao ni kwamba kurkumini ni miongoni mwa misombo inayovuruga vipimo: inang'aa, inaganda, inashikana na protini ovyo, inaharibika, na hivyo inaonekana kufanya kazi karibu kila mahali inapowekwa. Wakaeleza pia kwamba majaribio mengi yamefanywa kwa binadamu na hakuna lililokuwa na kundi la dawa bandia, wagonjwa na madaktari wote wasijue nani anapewa nini, ambalo limefaulu. Ni hoja nzito na mimi naikubali. Lakini inamhusu anayedai kurkumini ni dawa. Wewe ukionyesha kwa data yako jinsi kipimo cha resazurini kinavyopotoshwa na kurkuminoidi kwenye brothi, na namna ya kukisahihisha, umewafaa wote watakaopima viungo vya rangi baada yako, na hapa kwetu ni wengi. Kuanzia Mlimani mpaka Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili watu wanapima dondoo za mimea kila siku, na nyingi zina rangi kali.

Mpelekee msimamizi wako picha tatu: TLC, cheti, na sahani ya agari. Msimamizi aliye safarini hasomi maelezo marefu kwenye simu, picha ataziona.

Kitu kingine cha kupima, hakikugharimu chochote: weka kurkumini kiasi kidogo kinachoyeyuka, kama mikromola 10, kwenye brothi ya nyuzi 37 isiyo na bakteria, na usome ufyonzaji kwenye nanomita 425 mwanzo, baada ya nusu saa, saa moja, saa nne, na asubuhi. Utauona mstari ukishuka. Huo mchoro uweke sura ya matokeo.

Na utunzaji, maana Dar inaua kemikali polepole. Kichupa kikitoka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri usikifungue papo hapo. Kiache mezani kimefungwa mpaka kifikie joto la chumba. Ukikifungua kikiwa baridi, unyevu wa hewa yetu unatua ndani ya unga, na mara ijayo unapima maji pamoja na dawa. Akiba ya DMSO igawe kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, uvifunge foili, uandike bechi na tarehe. Umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia.

Kijana_wa_Kimara

Ahsante sana dada, Mungu akubariki. Swali la mwisho: ile safu ya silika uliyosema utarudi kwayo. Nikitaka angalau miligramu chache za kurkumini peke yake ili nilinganishe na mchanganyiko, naweza?

Dada_Upanga

Unaweza, na kulinganisha huko ndiko kutaipa tasnifu yako uti wa mgongo. Pakia kidogo, usizidishe. Anza na klorofomu tupu, kisha ongeza methanoli taratibu, asilimia moja moja. Utaona mikanda mitatu ya njano ikishuka na kuachana, wa kwanza kufika chini ndio unaoutaka. Kusanya kwenye mirija midogo, kila mmoja uupitishe TLC, unganisha ile yenye doa moja tu la juu, kausha gizani. Ukipata fuwele pima kiwango cha kuyeyuka, kurkumini safi iko karibu na nyuzi 183. Yote hayo ndani ya kabati la kuvuta mvuke, klorofomu si ya kuchezea, na safu yenyewe uivishe foili toka juu mpaka chini.

Silika ninayo na safu ya kioo ya kuazima ninayo. Nitumie ujumbe wa faragha tupange siku baada ya msimamizi wako kukubali kwa maandishi. Ukija lete kichupa, cheti, daftari lako la maabara na foili ya kutosha, ya kwetu imekwisha.